Koti Likiwepo, Mwenyewe Yupo

Zamani si za kale, hata wino wake haujakauka, palikuwa na nchi. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni kwamba nchi yenyewe ina masikio mepesi: ikisikia jina lake hudhani inaitwa, na ikija huja na magari mengi. Basi tuiite nchi tu, na wewe msikilizaji usinitazame hivyo, kwenu sijapasema.

Nchi hiyo ilikuwa na joto la kukaangia mayai juu ya bati, lakini kila mtumishi wa serikali, siku anapoajiriwa, alikabidhiwa koti. Koti zito la sufu, rangi ya majivu, lina namba ya utumishi kwa ndani. Halikuwa la kuvaa. Nani avae sufu kwenye joto lile, ana wazimu? Lilikuwa la kutundika. Mtumishi akifika asubuhi hulitundika kwenye mgongo wa kiti, kisha huyo, anakwenda zake: shambani, sokoni, msibani, au kwa mke mdogo. Mwananchi akija na shida yake akauliza, “Bwana fulani yupo?” hujibiwa, “Yupo, koti lake si lile pale?” Naye huketi kwenye benchi akalisubiri koti kwa adabu zote. Wengine walizeekea kwenye benchi hilo, hata serikali ikawahurumia ikawawekea mito.

Katika nchi hiyo ilikuwamo Idara Kuu ya Mapipa na Mifuniko. Mapipa yalikaa mji mkuu. Mifuniko ilikaa kituo kimoja cha mbali kilichoitwa Mwisho wa Lami na Mbele Kidogo, safari ya lori ya kulala njiani. Havikuruhusiwa kukaa pamoja, kwa sababu za usalama wa taifa. Wataalamu walishalichambua jambo hilo wakaona kwamba raia akipata pipa na mfuniko wake atakuwa na chombo kamili, na raia mwenye chombo kamili huanza kuuliza maji yako wapi.

Kondo Sufiani alikuwa Afisa Vishikio huko kwenye mapipa. Mkewe, Tunu, alikuwa Afisa huko kwenye mifuniko. Walikutana kwenye semina, wakapendana kabla ya chai ya saa nne, wakaoana, na fungate ilipokwisha kila mmoja akarudishwa kituoni kwake. Kila mwaka Kondo aliomba uhamisho wa kumfuata mwenzi wake. Kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa kwa furaha kubwa, ila ofisi haiwezi kumkosa, na Mungu alilaze mahali pema. Huko kwa Tunu simu ilishika kilimani tu, naye alikipanda kilima hicho Jumapili kwa Jumapili, wakaongea mpaka chaji ikaisha.

Ndiyo maana Kondo, peke yake katika idara nzima, alikaa ofisini na koti lake kutwa. Wenzake walimwona ana bidii. Bidii gani! Nyumbani angekwenda kumtazama nani?

*

Sasa, kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Baba Tabasamu, jina alilopewa na wananchi baada ya kuwaomba walipende. Siku moja Baba Tabasamu alirudi kutoka safari ya ng'ambo akiwa ameduwaa. Kumbe huko kwa wenzetu mtumishi huulizwa kama ameridhika na kazi!

“Na hujibu?” Baba alimwuliza msaidizi aliyesafiri naye.

“Hujibu, mtukufu.”

“Na hawafi?”

“Hawafi, mtukufu.”

Jioni ile ile akatangaza redioni: “Wananchi wapenzi, tutafanya Utafiti wa Kuridhika kwa Watumishi. Kila mmoja atajaza dodoso. Atakayesema linalomkera, litatatuliwa kabla mwezi haujaandama. Nimesema! Asiyesema, ameridhika, na asinisumbue tena maisha yake yote.”

Kondo alikuwa anakula muhogo. Ulimkwama. Akanywa maji, akasimama, akaketi, akasimama tena. Linalomkera! Alikuwa nalo moja tu, na lilikuwa fupi, lingeenea hata kwenye dodoso la serikali: *nataka kuishi na mke wangu*.

Kesho yake mkuu wa idara, Mheshimiwa Dokta Bakilana Tindwa, aliitisha mkutano mkuu. Udokta wake Tindwa aliupata kwa kura, na kura alizihesabu mwenyewe. Alipanda jukwaani, akajipangusa jasho, akaanza:

“Ndugu watumishi, na makoti yenu! Leo tumesimama kwenye kizingiti cha mlango wa dirisha la fursa. Mbele yetu kuna nyuma, na nyuma yetu kuna mbele. Utafiti hauwezi kufanyika bila washiriki, na washiriki hawawezi kushiriki bila kuandaliwa, na maandalizi hayawezi kuanza bila matayarisho. Kwa hiyo naunda Kamati ya Matayarisho ya Maandalizi ya Takwimu za Washiriki!”

Makoti ukumbini yalitulia kwa heshima. Kondo akapiga makofi, na kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa na mikono, makofi yakasikika vizuri.

Mwenyekiti wa kamati akateuliwa: koti la Naibu Mkuu. Katibu: koti la Mhasibu, ambaye mwenyewe alikuwa kwenye arusi ya shemeji yake tangu msimu wa maembe uliopita. “Na wewe Sufiani,” akasema Tindwa, “utakuwa mjumbe mwenye mwili. Wenzako watatoa mwongozo, wewe utaandika.”

*

Serikali ikamleta Mtaalamu. Alikuwa kijana wa hapo hapo nchini, ila alikaa nje kidogo akarudi na begi la magurudumu. Alimketisha Kondo mbele ya kompyuta, akafungua jedwali lenye safu nyingi.

“Kaka Kondo, sikiliza kwa makini. Utafiti huu ni wa siri, siri kabisa. Hakuna atakayejua nani kasema nini. Kwa hiyo kwa kila mshiriki nataka jina lake kamili, la baba yake, la babu yake, namba ya koti, kitengo, bosi wake, mtaa anaokaa, na kovu lolote linaloonekana.”

“Kovu la nini tena, Mtaalamu?”

“Tukikuficha, tuwe na hakika tumekuficha wewe, tusije tukamficha mtu mwingine.”

Kondo akaona pana hekima hapo. Ndivyo nchi ile ilivyomfanya mtu akikaa nayo sana.

Safu ya majina haikumsumbua. Safu ya bosi ndiyo iliyomtoa kamasi. Katika ukumbi wa kwanza tu mlikuwa na Mkuu, Mkuu Msaidizi, Mkuu wa Wakuu, Mkuu Mwandamizi, Kaimu Mkuu na Kaimu Mkuu Mtarajiwa, na kila aliyempata, mmoja nyumbani, mmoja kilabuni, alimjibu hivyo hivyo: “Chini ya nani? Mimi? Hebu toka hapa!” Hakuna aliyekubali kuwa chini ya mwenzake. Mwisho Kondo akachoka, kwenye safu nzima ya bosi akaandika *Mungu*.

Tindwa alipoliona jedwali alikasirika. “Sufiani, una akili wewe? Mungu yumo kwenye muundo wa idara hii?”

“Hayumo, Mheshimiwa.”

“Ana koti?”

“Hana, Mheshimiwa.”

“Basi mfute, niandike mimi.”

Mungu akafutwa, Tindwa akaandikwa, na mambo yakaendelea vizuri, angalau kwenye jedwali.

Balaa likaja kwenye safu ya vitengo. Mtaalamu aliipitia kwa kidole, akafika kwenye Kitengo cha Vishikio, akasimama.

“Hapa mko wangapi?”

“Mimi.”

“Na nani?”

“Na mimi.”

Mtaalamu akavua miwani. Akaipangusa kwa tai, akaivaa tena, labda Kondo ataongezeka. Hakuongezeka.

“Pole, kaka. Kitengo chenye watu pungufu ya watano hakijazi dodoso. Mkijaza wachache itajulikana nani kasema nini. Tunalinda siri yako.”

“Mimi sitaki kulindwa siri!” Kondo aliruka. “Nataka nijulikane! Nina jambo langu moja, Baba kaahidi mwenyewe redioni!”

“Ndiyo maana tunakulinda. Mtu mmoja hana maoni, kaka. Mtu mmoja ana majungu. Maoni yanaanzia watu watano.”

Akafunga kompyuta, akaburuta begi lake, akaenda kunywa soda. Kondo alibaki anautazama mlango. Miaka yote hiyo amenyimwa mke kwa sababu ofisi haiwezi kumkosa, na sasa ananyimwa mdomo kwa sababu ofisini yuko mwenyewe. Hasira zilimpanda hadi macho yakamwasha.

*

Aliyemkuta katika hali hiyo ni Apolonia wa mapokezi, mwanamke mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu kwamba watu wapo.

“We Kondo! Mbona umekaa hivyo, nani kafa?”

Kondo akamweleza. Apolonia akamsikiliza huku akitafuna karanga, kisha akachungulia chumbani.

“Humu mna viti vingapi?”

“Vitano.”

“Makoti je?”

“Matano, pamoja na langu.”

“Sasa unalilia nini, mwanaume mzima? Si wenzako hao!”

“Apolonia, usinitanie. Lile la kwanza mwenyewe anafuga mbuzi kwa mjomba wake. Lile la pili katorokea ng'ambo. Lile la kona kawa mwimbaji wa kwaya. Na lile la dirishani ni la Kisoki. Kisoki si amekufa? Tulimzika wenyewe, na pilau ulikula.”

“Nilikula, na lilizidi chumvi. Lakini koti lake lilikufa?”

Kondo akaligeukia koti la dirishani.

“Mwananchi akija kumuulizia Kisoki, mimi humwambiaje?”

“Yupo.”

“Basi! Kwa mwananchi yupo, kwa Mtaalamu akose kuwepo kwa nini? Kwani Mtaalamu ni nani, ameteremshwa na kamba?”

Kondo alikuna kichwa. Dhamiri ilimsuta, tena ilimsuta kwa sauti, lakini akamkumbuka Tunu kule kilimani amesimama kwenye upepo, simu sikioni, anamwambia, *chaji inaisha, sema upesi*. Dhamiri akaiambia ingoje nje. Akavuta kiti, akaanza kuandika. Koti la mfuga mbuzi: umri, wa makamo. Koti la mwimbaji: tabia, mkimya. Koti la Kisoki: kovu, tundu la nondo kwenye kwapa. Mtaa anaokaa: dirishani.

Alidhani atapelekwa jela. Kumbe Tindwa alipoliona jedwali alisimama kwa furaha.

“Vishikio imejaa! Watumishi watano, hakuna hata mtoro! Mbona vitengo vingine vinaniaibisha?”

Ikawa mashindano. Kila kitengo kikatoa makoti yake stoo, yaliyoliwa na panya, yaliyofungiwa mlango, yaliyotandikwa paka azalie. Koti lisilo na mikono likaandikishwa kama mtumishi wa nusu siku. Washiriki wakaongezeka hadi wakawapita wakazi wa mji. Mtaalamu alikuja kuhakiki, akapita mlango kwa mlango, mkononi kalamu.

“Hawa wapo?”

“Wapo,” anajibu Apolonia, “makoti yao si yale pale?”

“Sawasawa.” Anatia alama.

Alipomaliza aliona joto, akavua koti lake alilotoka nalo ng'ambo, akalitundika kwenye kiti cha mapokezi, akasema anatoka mara moja kula. Tangu siku hiyo Mtaalamu yupo.

*

Siku ya kujaza madodoso ilifika. Makoti yaliletwa ukumbini, yakapangwa kwenye viti, kila moja na dodoso na penseli. Tindwa alipita kuyasaidia, maana ni mtu wa watu.

“Swali la kwanza: je, umeridhika na uongozi?” Analitazama koti. Koti linamtazama. “Halijanuna. Andika *nimeridhika sana*. Swali la pili: je, una dukuduku lolote?” Anasubiri kidogo, kwa haki. “Kimya. Andika *sina*.”

Kondo aliinamia lake, akalifunika kwa mkono kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu. Akaandika: *Nataka kuishi na mke wangu. Niko tayari kuhamia kokote.* Akalikunja, akalitumbukiza sandukuni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akatembea akipiga mluzi.

Jumatatu iliyofuata matokeo yalisomwa hadharani. Tindwa alivaa joho.

“Ndugu watumishi! Idara yetu imeridhika! Kitengo cha Ndani ya Pipa, wote wameridhika sana. Kitengo cha Nje ya Pipa, wote wameridhika sana. Kitengo cha Vishikio...” Akaisogeza karatasi mbali na macho. “Kitengo cha Vishikio, wanne wameridhika sana. Mmoja anataka kuishi na mke wake.”

Kicheko kikapasuka huko nyuma, kwenye viti vya watu wachache waliokuja kula biskuti.

“Tulieni! Utafiti huu ni wa siri, hatutamtaja. Heshima ya mtu ni muhimu. Ila huyo bwana akiongea na Tunu, tunamsalimia.”

Kondo alitamani ardhi ipasuke. Lakini akajikaza, akasimama. “Mheshimiwa, Baba alisema litatatuliwa kabla mwezi haujaandama.”

“Alisema, nasi tumelijadili kidemokrasia. Wanne wameridhika, mmoja hajaridhika. Wahenga walisemaje? Wengi wape! Wenzako wamekushinda kura, Sufiani. Mbona wao wanaweza? Mtazame Kisoki! Nimefanya naye kazi mwaka hadi mwaka, hajaomba hata ruhusa ya kwenda hospitali.”

“Kisoki amekufa!”

“Ona!” akasema Tindwa kwa uchungu. “Amekufa, na bado ameridhika. Wewe mzima, una afya, una mke, unalalamika.”

Wenye biskuti wakatikisa vichwa, wakamwona Kondo hana shukrani.

Alirudi chumbani kwake. Akayatazama yale makoti manne, watumishi aliowazaa kwa mkono wake ili apate kusema, wakainuka wakamziba mdomo. “Hayawani nyie,” akayaambia. “Niliwaandikisha mimi.” Hayakujibu, yaliridhika. Machozi yakamtoka, machozi ya hasira, akayafuta kwa mkono wa koti la Kisoki. Kisha akalitazama la kwake, limetulia pale kitini, halina njaa, halina mke, halimkeri mtu.

Akaona isiwe tabu.

Akalinyoosha mabega, akalifunga vifungo vyote, akachukua kofia yake akatoka.

“Unakwenda wapi saa hizi?” Apolonia akamwuliza.

“Mimi? Mimi nipo.”

Apolonia akachungulia chumbani, akaona koti. Akatabasamu mpaka ufizi. “Kweli, baba, upo. Nenda salama.”

*

Alidandia lori la mapipa lililokuwa linapeleka vishikio visivyohitajika mahali visikohitajika. Hakumpigia Tunu. Jumapili ilikuwa mbali, tena alitaka kumshtua. Njia nzima alikuwa anajichekea, hadi dereva akasogea mlangoni.

Mwisho wa Lami na Mbele Kidogo ilikuwa nyumba moja ya bati, veranda moja, na lundo la mifuniko lililopita urefu wa nyumba. Huko sufu za serikali hazikufika, zilipotelea njiani, kwa hiyo watumishi waligawiwa mikoba ya kuweka mezani. Kwenye veranda alikaa bwana mmoja mwembamba, Hemedi, anachonga kijiti cha meno.

“Hodi. Namuulizia Bi. Tunu.”

“Karibu. Yupo.” Hemedi akaelekeza kwa kidevu. “Mkoba wake si ule pale?”

Kondo alichungulia. Mkoba ulikuwa juu ya meza, mweusi, umefungwa zipu. Aliujua, alimnunulia mwenyewe kitenge cha kuushonea bitana. Akaketi kwenye benchi kumsubiri. Jua likasogea. Kivuli cha mifuniko kikamfikia miguuni, kikampita. Hemedi akamaliza kijiti, akaanza kingine. Ndipo Kondo, afisa wa serikali aliyeandikisha makoti kwa mkono wake, akagutuka kwamba yeye sasa ndiye mwananchi wa benchini.

“Ndugu yangu,” akasema taratibu, “mkoba nauona. Mimi nauliza mtu.”

“Aa, *mtu*!” Hemedi akashangaa, kana kwamba hajawahi kuulizwa. “Ungesema mapema. Mtu kaondoka siku ile yaliposomwa matokeo. Alijaza dodoso kwamba anataka kukaa na mumewe, mikoba minne ikampinga. Akatukana matusi ambayo hata mimi nilikuwa siyajui, akaacha mkoba, akadandia lori. Kamfuata mumewe mji mkuu.”

Kondo alishika kichwa. Wamepishana! Wamepishana barabarani, lori kwa lori, pengine hata madereva walipungiana mikono. Alikipanda kile kilima mbio, akafika juu hana pumzi, akampigia Apolonia.

“Apo! Mke wangu kafika hapo?”

“Kafika!” Sauti ya Apolonia ilisikika hata bila simu. “Weee, Kondo, mke unaye! Kafika kauliza, ‘Mume wangu yupo?’ Nami mdomo umezoea, nikamjibu, ‘Yupo, koti lake lile pale.’ Mwenzangu, kalikabili lile koti! Kalisema, kalisuta, ‘Miaka yote hii unanikalia kimya!’ Kalipiga na kofi. Mimi nacheka nalia. Baadaye nikamwambia ukweli, kafunga safari papo hapo kurudi huko, begi lake la nguo kalisahau juu ya meza yako.”

“Niambie kapanda nini, nimpokee njiani!”

“Thubutu! Usitie mguu barabarani! Mtapishana mpaka mzeeke. Kaa hapo hapo, na ukae *wewe*, sio koti!”

Lakini Apolonia hakuwa amemaliza. Kumbe asubuhi hiyo Baba Tabasamu alipiga simu idarani akitaka aonyeshwe lalamiko moja, moja tu, lililotatuliwa, maana wageni wa ng'ambo wanauliza. Na idara nzima ilikuwa na lalamiko moja tu. Tindwa alikimbia huku na huko, joho likamtega, akajikuta Kitengo cha Vishikio. Akaona koti la mume kitini. Mbele yake, mezani, begi la mke.

“Wameungana!” Tindwa alipiga yowe. “Serikali imewaunganisha! Lipandisheni koti cheo! Leteni wapiga picha!”

Gazeti la serikali lilitoa picha ukurasa wa mbele: koti la Kondo limeegemezwa kwenye begi la Tunu, pembeni Tindwa anapangusa chozi. Baba Tabasamu akatoa amri koti na begi visitenganishwe hadi kifo. Koti likapandishwa cheo, likawa Mkuu wa Vishikio, na mwaka ule ule likatajwa mtumishi bora. Utafiti uliofuata, Vishikio iliridhika, watano kwa watano.

*

Kondo alikaa. Alikaa kwenye ngazi ya ile veranda, hakusogea hata kwa uji, Hemedi alimletea bakuli pale pale. Lori lilipotokea kwenye vumbi alisimama.

Tunu aliteremka, mwili mzima vumbi, kilemba kimekaa upande. Hakumkimbilia. Alisimama hatua chache, mikono kiunoni, akamtazama kuanzia kofia hadi kandambili.

“Ni wewe, au ni koti?”

“Njoo ushike uone.”

“Nimeshika moja juzi, likanichunia.”

“Hilo ndilo lenye cheo,” akasema Kondo. “Mimi nilikuwa na majungu tu.”

Tunu akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio katikati, akamkumbatia kwa nguvu. Hemedi, mtu wa adabu, aliona ni wakati mzuri wa kwenda kuhesabu mifuniko.

Basi wakakaa huko. Tunu alichukua pipa moja lililoanguka kwenye lori, akachukua mfuniko mmoja kwenye lundo, vikaoana. Kikawa chombo kamili cha kwanza katika nchi nzima, wakakingia maji ya mvua, na dola haikuanguka.

Miezi ikapita, akaja Mkaguzi Mkuu kutoka mji mkuu kuhakiki takwimu za washiriki wa utafiti wa tatu. Aliingia ofisini na jedwali lake, akauona mkoba wa Tunu mezani, akatia alama. Akatoka nje kupunga upepo, akawaona mwanaume na mwanamke wamekaa kwenye mkeka, wanamenya viazi, mwanamke anasimulia jambo, mwanaume kacheka hadi kisu kimemtoka mkononi. Mkaguzi akapekua karatasi mbele na nyuma. Hakuwaona humo.

“Bwana Hemedi,” akanong'ona, “wale ni nani?”

Hemedi akawatazama, akakitoa mdomoni kijiti chake.

“Wale? Wale hawapo, mkuu.”

“Ahaa,” akasema Mkaguzi, akatia alama, akapanda gari lake akaondoka ameridhika sana.